Matope ya Kimkakati

Natangaza, kwa mamlaka niliyopewa na kwa furaha niliyojipa mwenyewe, kwamba nchi hii haitaagiza tena matope kutoka ng'ambo.

Najua wengi wenu hamkuwa na habari kwamba tulikuwa tunaagiza. Hata mimi nilishtuka. Nimezaliwa Kitale na kukulia Kitale, na kama kuna kitu ambacho sikuwahi kudhani kitatupungukia ni matope. Mvua ikinyesha kidogo tu, mtaa mzima wa Tuwan hutembea na viatu mkononi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kule Turkana wanakochimba mafuta, matope yao yote yaliingia nchini yakiwa unga ndani ya magunia, yakapakiwa kwenye malori, yakapita hapa mjini mbele ya macho yetu, juu ya matope yetu, mara nyingine yakikwama ndani ya matope yetu, yakielekea kaskazini kwenda kuwa matope. Aibu iliyoje!

Ndipo ikaundwa Mamlaka ya Matope ya Kimkakati. Mimi, Munene, ni Afisa Mwandamizi wa Itifaki na Mnato wa Mamlaka hiyo. Makao makuu yetu yako Tuwan, vyumba viwili nyuma ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Bango letu ni refu kuliko jengo, kiasi kwamba neno "Kimkakati" limeangukia kwa jirani, ambaye ni kinyozi. Hana neno. Anasema limemwongezea wateja.

Kwa manufaa ya raia ambao hawakubahatika kuhudhuria warsha yetu ya Naivasha, nieleze kazi ya matope haya. Mtu anayechimba kisima cha mafuta hachimbi kwa jembe. Anashusha bomba refu ajabu lenye jino la chuma mwishoni, na jino hilo linazunguka na kutafuna mwamba. Ndani ya bomba anamimina matope maalumu. Matope yanafika chini, yanalipoza jino lisiungue, yanazoa vipande vya mwamba, yanapanda navyo hadi juu, yanachujwa, kisha yanarudishwa chini. Njiani yanapaka kuta za shimo zisibomoke. Na kwa uzito wake yanaikalia gesi iliyo huko chini isije ikaruka juu kabla ya kuitwa. Kwa ufupi, yanashuka, yanazoa uchafu, yanapanda, yanachujwa, yanashuka tena, na kisima kinabaki palepale. Nilipoyasikia maelezo haya mara ya kwanza nilitokwa na machozi. Nimekaa katika utumishi wa umma miaka mingi na hakuna aliyewahi kunieleza kazi yangu vizuri namna hiyo.

Mkurugenzi Mkuu wetu ni Daktari Kizito Nyongesa. Udaktari wake ni wa heshima, na ni sisi tuliompa, katika kikao cha kwanza, chini ya mengineyo. Kwa baba ni mtu wa Bokoli, kaunti ya Bungoma, lakini alilelewa Kamukuywa kwa mjomba wake. Ni mrefu, mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi. Katika uchaguzi ujao anautaka ugavana wa kaunti hiyo, jambo ambalo ni siri kuu ya Mamlaka, na ndiyo maana picha yake haiko mahali pengi: iko tu kwenye fulana zetu, miavuli yetu, na ndoo zetu za sampuli.

Agizo lake la kwanza lilikuwa kutafuta matope bora kupita yote katika eneo hili. Tukaunda Kamati ya Kukanyaga. Wanakamati walivaa viatu vyao vya kanisani wakazunguka kutoka Kitale hadi Bungoma wakikanyaga. Tope lililong'ang'ania kiatu lilipata alama ya kati. Tope lililobaki na kiatu lilipata alama ya juu. Tope la karibu na machinjio lilikuwa na mnato wa kupigiwa mfano, ila mwanakamati aliyelikanyaga amekataa hadi leo kulizungumzia.

Tulipokaa kujumuisha matokeo, sote pekupeku, Mkurugenzi aligonga meza.

"Nyinyi mnasumbuka bure, bana. Tope ya kupoza chuma iko kwetu Kamukuywa. Hapo kwa bwawa ya mjomba. Si ndiyo mimi mwenyewe nilipakwa?"

Mimi si mwenyeji wa mambo ya Wabukusu, kabila la Mkurugenzi, kwa hiyo nilielezwa taratibu. Mwezi wa nane, katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wanaokwenda kutahiriwa hupelekwa asubuhi na mapema mahali pa matope kando ya maji, panapoitwa sitosi. Hapo hupakwa matope baridi mwili mzima, kisha huenda nyumbani wakasimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho.

"Kisu ni chuma," alisema Mkurugenzi. "Jino ya kuchimba ni chuma. Hii tope inapoza mtu mbele ya chuma. Sasa si itapoza chuma mbele ya mwamba? Hiyo ndiyo sayansi ya nyumbani. Wazungu hawana."

Mhasibu wetu alipiga makofi kabla hajaelewa. Sisi wengine tulipiga baada ya hapo, na kwa sababu hiyohiyo. Nikanakili kwamba jambo hilo limethibitishwa kitaalamu.

Tulikwenda Kamukuywa kwa msafara. Bwawa lile liko mwisho wa shamba la Mama Nasike, mjane wa marehemu mjomba wa Mkurugenzi, na lote amelipanda nduma. Tulimkuta ameinama katikati ya majani mapana, matope yamemfika magotini.

"Kizito!" alisema akijinyoosha. "Umenona. Na hawa ni kina nani umekuja nao?"

"Ni maofisa, anti."

"Wamekula?"

Hatukuwa tumekula. Tulikula nduma na chai ya maziwa, tukaongezwa, kisha tukamsomea amri ya kumnyang'anya bwawa. Nataka ifahamike kwamba utaratibu ulifuatwa: chai ilitangulia.

"Ati nini?" aliuliza Mama Nasike.

"Hii sehemu, anti, kuanzia leo ni Hifadhi ya Matope."

"Kwani matope imekosekana wapi?"

"Si matope yote. Hii ni ya kimkakati."

"Na nduma yangu?"

Mkurugenzi alinitazama. Nikamfafanulia mama, kwa lugha nyepesi, kwamba nduma zake zilikuwa mimea vamizi ndani ya rasilimali ya taifa, lakini asiwe na wasiwasi, Mamlaka haitamshtaki.

Alimgeukia Mkurugenzi. "Kizito," alisema, "mjomba wako aliniachia hii bwawa tu. Huko juu yote ni mawe, unajua, ulikuwa unachunga mbuzi huko. Wajukuu wangu wanakula hii nduma, na karo yao ni hii nduma. Ukifunga hapa, mimi nitaishi na nini?"

Mkurugenzi alikohoa. Alisema kwamba suala la yeye kuishi na nini ni zito sana, na litaundiwa kamati ndogo.

Wiki hiyohiyo nguzo zilisimama pande zote za bwawa, zikafungwa waya wa miiba. Nduma zilibaki ndani na Mama Nasike akabaki nje. Kila asubuhi alikuja na kiondo chake kitupu, akasimama kando ya waya, akawaamkia askari wetu mmoja mmoja kwa jina, akawauliza habari za watoto wao, kisha akarudi nyumbani. Askari walilalamika kwamba anawadhulumu. Mimi nami, nitasema kweli, roho iliniuma nilipomwona, ikaniuma sana, nikaomba marupurupu ya mazingira magumu.

Sasa yalibaki matope yenyewe kukubaliwa na wachimbaji. Kampuni ya kule Turkana ilimtuma Injinia Bhavika, dada wa hapahapa Kitale, ambaye baba yake huuza vyuma vya plau karibu na soko. Kazi yake kule visimani ni kupima matope, asubuhi na jioni, maana wanasema matope yakiharibika kisima hakimngoji mtu. Alikuja bwawani na faneli ya plastiki na mizani ndogo. Sisi tulikuja na redio ya kienyeji, bendera, na ndoo ya sampuli yenye uso wa Mkurugenzi.

Bhavika alimimina matope kwenye faneli. Hayakutoka. Aligonga kidogo. Hayakutoka. Aligonga kwa nguvu, na hapo akatoka konokono.

"Na hii?" aliuliza.

"Konokono," nikasema.

"Ya kimkakati?"

Sikupenda sauti yake. Alichota sampuli nyingine akaipima, akaisugua kati ya vidole, akanusa, akamgeukia Mkurugenzi.

"Boss, wacha nikuambie tu ukweli. Mchanga ni mob. Mizizi iko ndani. Uzito nayo haiko. Hii ikiingia kwa pampu, pampu inakufa. Na hata ikifika chini, gesi ikianza kusukuma, hii haiwezi kuikalia. Kisima itatapika kila kitu juu, mabomba, rigi, na watu wenye wako hapo. Hiyo kitu si mchezo. Mimi niko na marafiki hapo."

"Basi tuongeze uzito."

"Na nini?"

Mkurugenzi alifikiri. "Tunaweza kuipandisha cheo."

"Mimi napima, boss. Sipandishi cheo."

"Lakini inapoza! Hata wazee wanajua!"

"Inapoza sababu mnapakana saa kumi na mbili asubuhi, bana. Hiyo baridi ni ya maji ya mlima. Weka hii ndoo kwa jua uone kama haitakuwa uji." Akaosha faneli yake vizuri, akaiweka ndani ya mfuko. "Ya nduma ni poa, lakini. Nduma za hapa ni tamu sana. Ya kisima, hapana."

Redio ilikuwa hewani. Kabla hatujafika Kitale, Bungoma nzima ilikuwa imeshacheka. Kwenye soko la Kamukuywa mtu akiteleza aliambiwa amepandishwa cheo. Mgombea mwingine wa ugavana, ambaye sitamtaja kwa sababu Mamlaka haina upande, alikwenda mkutanoni amevaa konokono kwenye kofia.

Mkurugenzi hakulala vizuri. Aliniita ofisini, macho mekundu.

"Munene, hawa watu wa faneli wananimaliza. Nataka wananchi waone na macho. Nitapakwa mimi mwenyewe. Mbele ya redio, mbele ya kamera. Tafuta siku."

Ndiyo kazi niliyosomea. Nilichagua Jumamosi moja ya mwezi wa nane kwa sababu ya kitaalamu kabisa: nilipata habari kwamba siku hiyo, palepale bwawani, kutakuwa na umati mkubwa uliojikusanya wenyewe, wenye filimbi na nyimbo zao, bila sisi kukodi gari hata moja. Vijana wa eneo hilo walikuwa na siku yao. Wazee walikuja kuomba waya ufunguliwe, nami nikawakubalia kwa majaribio, ili Mkurugenzi apate watu wa kumpigia makofi. Niliona nimepiga ndege na mayai yake.

Jumamosi ikafika, baridi ya kutetemesha meno. Vijana walipakwa na Mzee Sifuna, ambaye huifanya kazi hiyo kila msimu na hana haraka. Walipokwisha kuondoka na watu wao, umati mwingine ulibaki, kwa kuwa ulikuwa umemwona Mkurugenzi akivua koti. Alibaki na kaptula yenye nembo ya Mamlaka. Akachukua kinasasauti cha redio.

"Wananchi watukufu! Kuna watu ya faneli wanasema hii ni tope tu. Mimi nasema hii ndiyo ile yenyewe ya sitosi! Haijapunguzwa, haijaongezwa! Mtu akipakwa hii, chuma ikuje! Mzee, nipake."

Mzee Sifuna alimtazama kwa muda. "Kizito, una hakika?"

"Nipake, mzee."

"Umesema chuma ikuje?"

"Ikuje!"

Mzee akainama, akazoa, akapaka. Alianzia miguuni akapanda, kifua, mgongo, mashavu, na mwisho akaweka bonge juu ya kichwa na kuchomeka majani marefu katikati yake. Mkurugenzi alikuwa akitabasamu kwa kamera, na lazima niseme alipendeza. Alifungua mdomo aseme neno la shukrani.

"Nyamaza," alisema Mzee Sifuna. "Mwenye amepakwa haongei. Hageuki nyuma. Na harudi na njia yenye alikuja nayo."

Njia tuliyokuja nayo ndiyo iliyokuwa na gari.

Hapo filimbi zikalia. Watu wazima, waliokuja kutazama tu, wakaanza kuimba kwa sauti ya kutikisa kifua, na wimbo ule ukamzunguka Mkurugenzi na kuanza kumsukuma mbele. Hakuguswa na mtu. Alizungukwa tu. Alinitupia jicho, maana shingo haikuruhusiwa kugeuka. Nilimwonyesha kidole gumba kwamba shughuli inakwenda vizuri sana.

Msomaji atauliza kwa nini hakukimbia. Akimbie wapi? Redio ilikuwa hewani kwa Kibukusu, kila nyumba kutoka Webuye hadi Chwele imefungua, na mtangazaji anaeleza kila hatua. Mtu aliyepakwa matope akikimbia, Bukusu nzima haitampa kura hata ya kuwa mweka hazina wa chama cha mazishi. Akatembea.

Ulizuka mjadala njiani kuhusu anakokwenda kusimama. Kwa desturi ni nyumbani kwa baba, lakini Bokoli ni mbali na watu walikuwa hawajanywa chai. Mzee Sifuna akaamua. "Alilelewa wapi? Kwa mjomba wake. Basi asimame hapo." Njia ya pili, kwa bahati, ilipanda moja kwa moja hadi uani kwa Mama Nasike.

Mama Nasike alikuwa amesimama mlangoni. Akina mama walijaa ua mzima, na katikati yao aliketi Injinia Bhavika akimenya ndizi pamoja nao, kwa kuwa alikuwa amekuja kuchukua sampuli ya mwisho akaambiwa wanawake hawateremki bwawani asubuhi hiyo. Mkurugenzi alisimamishwa katikati, mikono imenyooka, macho juu kwenye paa la mabati.

Nikaelezwa desturi nyingine. Kabla ya kisu, mjomba huwa na haki ya kumkaripia kijana, kumwambia kila kitu, na kijana hajibu wala kupepesa.

"Mjomba amekufa," alisema Mama Nasike, akajifunga leso kiunoni. "Lakini mdomo yake aliniachia mimi."

Akamkaribia.

"Wewe Kizito. Ulikuja hapa tumbo kubwa imejaa minyoo, na miguu kama fito. Nani alikulisha? Ulikuwa unaogopa bata. Bata, watu wangu! Unapanda juu ya meza unalia mpaka mjomba wako anakuja kufukuza. Nani alikuficha watu wasijue? Ni mimi. Ukaenda shule na nduma ya hiyo bwawa. Ukavaa kiatu ya kwanza na nduma ya hiyo bwawa, ukaivaa kinyume, kulia kushoto, muhula mzima. Nilinyamaza! Leo umekuja na askari na waya, unanifungia nje. Mimi, Nasike, juzi nimenunua nduma sokoni. Yule mama wa soko alinicheka. Nilibeba hiyo nduma kwa kiondo nikiwa nimeifunika na kitambaa, kama mwizi. Mimi! Unajua hiyo aibu? Nilikuwa nalia nikitembea."

Chozi moja lilikata mstari kwenye shavu la Mkurugenzi. Nilinakili kwamba mnato umepungua upande wa kushoto.

Baada ya Mama Nasike watu walipanga foleni. Fundi aliyejenga geti la Mkurugenzi alisema yake. Mwalimu wake wa zamani alisema yake, pamoja na alama za hesabu. Dereva wetu, mtumishi wa umma kama mimi, aliniomba ruhusa ya dakika chache akaenda kusimama nyuma ya foleni. Mambo yalitoka ambayo sikujua yalikuwa yamekaliwa. Bhavika naye alikaribishwa aongeze lake.

"Mimi nilishasema," alijibu, mdomo umejaa ndizi. "Na faneli."

Ndipo alipofika ngariba. Alikuwa amemaliza vijana wote wa upande ule, akaona umati, akaja akirukaruka kwa mapambo yake kama desturi. Akasimama mbele ya Mkurugenzi. Akamzunguka. Akampangusa tope puani kwa kidole.

"Si huyu ni Kizito?"

"Ni yeye," alisema Mzee Sifuna.

"Huyu si nilishamaliza? Zamani, nikiwa bado kijana?"

"Ulimaliza."

"Sasa hapa ni nini?"

"Amepakwa sitosi. Na amesema chuma ikuje. Amesema kwa redio."

Ngariba aliliwaza jambo hilo. Alionekana mtu mwenye busara na asiyependa matatizo. "Mimi sitaki kesi na serikali," alisema, akaanza kufunua kisu. "Serikali ikisema irudiwe, inarudiwa."

Umati ulishangilia. Mkurugenzi alipepesa jicho la kulia. Kisha la kushoto. Kisha yote mawili, mfululizo, kama taa za gari linalotaka kupita. Kutoka ndani ya matope ikatoka sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Munene. Munene, fanya kitu."

Nilisonga mbele. Maisha yangu yote nilikuwa nimengoja wakati kama huo. Niliwaeleza wananchi kwamba, kwa mujibu wa itifaki, jambo hili linategemea hadhi ya matope. Yakiwa ni ya sitosi kweli, kama Mkurugenzi alivyothibitisha asubuhi, basi shughuli lazima iendelee hadi mwisho na serikali haiwezi kuizuia. Yakiwa si ya sitosi, hakuna shughuli yoyote hapa, na kila mtu aende akanywe chai. Nikamgeukia Mkurugenzi Mkuu nikamwomba, kwa heshima zote, atoe msimamo wa Mamlaka.

"Si ya sitosi!" alipaza sauti. "Ni tope tu! Tope ya kawaida!"

Redio yote ilisikia. Mtangazaji akasogeza kinasasauti karibu zaidi ili hata walio mbali na spika wafaidi.

"Ya kawaida ya nini?" aliuliza ngariba, kisu bado kiko wazi.

"Ya nduma! Ni tope ya nduma!"

Mama Nasike alimnyang'anya mtangazaji kinasasauti, kwa upole, akakishika mbele ya mdomo wa Mkurugenzi.

"Nduma ya nani, Kizito? Sema watu wasikie."

"Yako, anti! Tope yako, bwawa yako, nduma yako! Yote yako!"

Kelele zilizofuata sijawahi kuzisikia hata kwenye mpira. Watu waliketi chini kwa kicheko. Mhasibu wetu alikumbatiana na mtu asiyemjua. Mama mmoja aliuliza kama basi na vijana wa asubuhi walipakwa tope la nduma tu, na Mzee Sifuna akamtuliza. "Hapana. Wale walipakwa sitosi. Huyu amepakwa nduma. Inategemea mtu." Ngariba akafunika kisu chake, akapewa kiti na chai.

Mkurugenzi akashusha pumzi. Alipangusa macho, akanyoosha mabega, akatafuta kwa macho njia ya kwenda kwenye gari. Nilikuwa tayari na taulo. Koti lake nililiweka begani mwangu, na hotuba ya kufunga ilikuwa mfukoni.

"Unaenda wapi?" aliuliza Mama Nasike.

"Nairobi, anti. Niko na mkutano."

"Na hiyo miti yako ya waya nani atang'oa? Mimi na hii mgongo? Umeshachafuka, si ni heri umalize ukiwa hivyo hivyo. Kwa nini uchafue nguo ingine?"

Mkurugenzi alitazama umati. Alikitazama kinasasauti, ambacho bado kilikuwa mkononi mwa Mama Nasike na bado kilikuwa hewani. Alinitazama mimi, nami nikatazama paa. Akateremka bwawani.

Kwa hiyo natoa taarifa kwamba zoezi la kuiondoa Hifadhi ya Matope ya Kamukuywa limefanyika kwa ufanisi mkubwa, likiongozwa na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, bila gharama kwa mlipakodi na mbele ya umma uliolifuata kutoka nguzo hadi nguzo ukiimba. Injinia Bhavika alionyesha waya ukatwe wapi. Askari wetu walimpokea Mama Nasike kwa jina, wakaulizwa habari za watoto wao, wakajibu wote ni wazima. Akaingia na kiondo chake, akaanza kung'oa nduma za mchana, na kila mara aliinua kichwa kuangalia kazi ya mwanawe inavyokwenda.

Nguzo ya kona ilikataa. Mkurugenzi aliivuta akiwa amesimama wima, kifua mbele, kama mtu anayepigwa picha ya ukumbusho. Aliivuta tena. Haikutikisika.

"Hiyo waliichimbia ndani sana," Mama Nasike alimwambia bila kuacha kazi yake. "Haitoki ukisimama hivyo. Inama."

Akainama.